Mungu Alinitoa Kwenye Lifti ya Burnsville

Ndugu zangu, wacha niseme haraka kabla hii miguu inirudishe kwa kiti: Mungu ni mwema, na sifa zote ni zake! Wengi mnanijua, mimi ni Shiro, mtoto wa Mama Shiro wa kwaya. Nimeandika haya maneno kwa diary mara nyingi nikayararua. Leo sirarui. Mnivumilie tu.

Nilimaliza form four Nakuru, nikaja huku Marekani kuishi na mama hapa Burnsville, nikaanza chuo kule Minneapolis. Si mnajua maisha ya huku? Kama huna gari, huna miguu. Basi la jioni linakuacha mbali, theluji imejaa, na mama yuko shift Roseville, anaogesha wazee wa watu. Kwa hivyo tulifanya venye sisi wote hufanya, tukatafuta mtu wa kwetu mwenye anaenda njia hiyo. Tukampata Brayo. Alikuwa anasoma chuo hicho hicho na kupiga kinanda hapa kanisani. Brayo alimwita mama yangu "mathe", kama ni mama yake, mpaka mama anacheka. Na hatukumlipa. Mtu wa kwetu halipwi, anapikiwa! Kila Jumapili mama alifunga chapati kwa foil, zikiwa bado moto, akanipa. "Mpelekee ndugu yako."

Ndugu zangu, huyo ndugu ndiye alinifungia kwa gari.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka class. Akapita pale tunatokea barabara kuu ya 35 kuingia kwetu.

Nikamwambia, "Brayo, umepita."

"Relax, Shiro. Kwani mimi si ndugu yako?"

Akaenda mpaka Savage, mji wa jirani, kule kwa maghala karibu na mto, akazima gari, akafunga milango. Mkono wake ukaja mahali sikuuita. Nikasema hapana. Nikasema tena hapana. Alisikia! Asiwadanganye mtu kwamba hakusikia. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu kuna watoto hapa, na kwa sababu mengine ni yangu na Mungu. Nilinyoosha mkono nikakandamiza honi, nikaikandamiza bila kuachilia, mpaka lori moja lililokuwa linatoka kwa ghala likasimama na dereva akatuangalia. Brayo akawasha gari mbio. Akanifikisha nyumbani bila neno. Mlangoni ndio akaongea: "Msalimie mathe."

Oh, ndugu zangu! Kutoka hiyo siku sikuwa mtu. Kila gari ya silver ilikuwa yake. Kinanda kikianza hapa kanisani nilikimbilia choo, nafungua maji ya bomba nisikisikie. Mama akadhani ni tumbo, akaniletea tangawizi. Baadaye akadhani ni mimba! Akaanza kuniangalia kiuno nikipita. Nikamwambia sitaki lifti tena.

"Kwani amekukosea nini?"

Nikageuka nikaanza kuosha vyombo.

"Una kiburi, Shiro. Mtoto wa watu anakubeba bure, katikati ya hii baridi! Huyo ni mtoto wetu."

Nilitaka kumuuliza, na mimi ni wa nani? Sikuuliza. Nikaanza kupanda basi, natembea pale linaniacha, nageuka nyuma kila hatua, naomba huku meno yanagongana.

Sasa sikieni Mungu anavyofanya kazi. Pale chuoni kulikuwa na wanafunzi wanaweka meza kwa korido kila wiki, wanaongea juu ya dhuluma za kimapenzi, wanafundisha watu kwamba mtu akinyamaza hajakubali. Mimi nilikuwa napita hiyo meza nikiangalia chini. Kiongozi wao anaitwa Furaha, ni Mkongo, familia yao ilikuja hapa kama wakimbizi. Siku moja akaniita nikae, kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Kuya ukae, ma chère. Hapa hatulume mutu."

Nikakaa. Hakuniuliza kitu! Akanipa chai, akaendelea na kazi yake. Kesho yake nikarudi mwenyewe, na siku zilizofuata pia.

Hao wanafunzi walikuwa wanaomba chuo kiweke basi la jioni la kuja huku kusini, ili wasichana wasitegemee gari ya mtu yeyote. Chuo kikasema kinafikiria. Kufikiria! Mimi sina subira na watu wa kufikiria. Tukaamua tutajipanga wenyewe, wenye magari wabebe wasiokuwa na magari. Nilichora mabango mpaka vidole vikauma. Nilifurahi, nikaona Mungu anaanza kunijibu.

Siku ya kuanza, tumekaa mkutanoni alasiri, Furaha akaingia anatabasamu. "Tumepata chauffeur wa Burnsville! Mutu wa kanisa, même!"

Mlango ukafunguka, akaingia Brayo.

Watu wakapiga makofi. Na karibu yangu alikuwa amekaa Neema. Huyu dada alikuwa ametoka Bungoma juzi tu, anaishi kwa shangazi yake, nyumba zile zile zetu. Amenipa ruhusa nimtaje. Neema akasimama akamsalimia kwa mikono miwili. "Asante sana, kaka. Mungu akubariki."

Niliomba ombi la uoga: Mungu, tuma mtu mwingine aseme. Nikangoja, hakuna mtu alisema. Neema alikuwa anavaa jaketi, zipu imekwama, na Brayo anamwambia kwa upole, "Pole pole, dada, gari iko hapo nje." Sauti ile ile!

Nikajikuta nimesimama. "Neema, usiingie kwa hiyo gari."

Brayo akacheka. "Shiro, bana, wacha drama. Mathe wako anajua unaongea hivi?"

Alijua pa kugusa.

"Hajui," nikasema. "Atajua leo. Ulinifungia Savage nikakuambia hapana."

Nilingoja mtu aniulize nilikuwa nimevaa nini. Furaha alichukua funguo zake kwa meza. "Neema, weye unaenda na mie. Brayo, toka." Akatoka, anaongea peke yake.

Jioni nilimwambia mama, amesimama jikoni na nguo za kazi. Alishika ukingo wa sinki. "Na nilikuwa nakupa chakula umpelekee," akasema, akalia mpaka nikamwogopea. Asubuhi hakulala baada ya shift. Tulienda pamoja ofisi ya chuo, nikaeleza yote, yeye amenishika mkono.

Wazee walikuja kwetu, baadhi yenu mko hapa, na shangazi ya Brayo pia namwona. Mkasema tuyamalize nyumbani, kijana ataomba msamaha. Mama akawaambia, "Chai nitawapikia. Hii ingine haimalizwi na chai." Asante, mama!

Haijaisha. Chuo bado kinachunguza, na hilo basi bado wanalifikiria. Gari ikipunguza mwendo nyuma yangu, moyo unaruka mpaka leo. Lakini mdomo wangu uko wazi, na Mungu ndiye aliufungua, mimi nilikuwa nimeufunga kabisa!

Wazazi, mtoto akikataa lifti, kaeni chini mngojee jibu, hata likichelewa. Na wewe dada mwenye unaangalia chini sasa hivi, Mungu hajakukasirikia. Mtegemee. Baada ya ibada mimi na mama tutakuwa pale mlango wa jikoni. Njoo hata kama hutasema kitu, tutakaa na wewe.

Jioni ile Neema alifika nyumbani salama, akamkuta shangazi yake anapika, wakala. Hakuna kilichotokea! Ndugu zangu, mpigieni Mungu makofi kwa hicho ambacho hakikutokea.