Nani Atamwamsha?

Ndani ya basi, msusi alijifanya anatazama dirishani, lakini masikio yake yalikuwa yamehamia kiti cha mbele. Pale mama muuza vitambaa alikuwa ameshika fomu ya mwanawe. Kijana amepata ufadhili wa kusoma chuo ng'ambo, imebaki sahihi ya mzazi tu, na mwisho ni leo.

"Tiketi, chumba, chakula, wanalipa vyote," mama alimwambia nesi aliyeketi naye. "Lakini nani atamwamsha?"

"Si kuna saa yenye kengele, dada?"

"Saa anaizima. Mimi sizimiki."

"Basi mfuge hapohapo mpaka aote mvi!"

Msusi aliuma mtandio asicheke. Basi likasimama mbele ya ofisi ya ufadhili. Mama akainuka, fomu bado haina sahihi.

"Dada, huko kukipambazuka, hapa kwetu huwa saa ngapi?"