Matairi Chini ya Tela: Fundi Adija Hanifu Aiaga Karakana

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika karakana yetu ya Miyuji, Fundi Adija Hanifu, mkazi wa Makole, anastaafu kwa mujibu wa sheria tarehe 30 Juni. Wengi wanayajua matela ya kliniki ya macho yanayozunguka vijijini kwa vitanda na taa zake za ndani. Yeye ameyajua kwa chini, kwenye springi na boliti.

Tela likirudi kutoka Bahi wakati wa mvua huja na matope ya chumvi, na haichukui muda nati na boliti zinashikana kama zimezaliwa pamoja. Hapo Fundi Adija husugua kutu kwa brashi ya waya, hulowesha kwa dizeli na oili, hugonga taratibu kwa nyundo, kisha hukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikigoma, humimina chai yake ya tangawizi na kusubiri. Anayemharakisha huulizwa kama leo anaoa.

Subira hiyo ina historia ya uchungu. Mwaka 2008 mwenzetu Abeli, akiwa chini ya tela, alivuta kwa nguvu zote spana aliyoirefusha kwa kipande cha bomba. Boliti haikuachia. Jeki iliteleza, tela likamlalia, tukaenda kumzika kwao Mvumi. Fundi Adija alirudi kazini na sharti moja: matairi yakishafunguliwa, yalazwe chini ya fremu kabla mtu hajaingia, na yeye mwenyewe ayakague.

Tuseme ukweli, sharti hilo lilituchosha. Matairi ni mazito, na yakishalazwa fundi hana hata pa kugeuzia kiwiko. Wapo waliosema mama huyu ni mwoga tu. Alisikia, akaendelea kuyasukuma.

Machi mwaka huu tela lilikuwa likisubiriwa Kigwe, ambako wazee walikwisha kukusanyika kwa upasuaji wa macho. Ikabaki boliti moja iliyoganda. Fundi Elieza alitaka kuingia hivyo hivyo, maana ilikuwa moja tu. Fundi Adija akamshika kola ya ovaroli mbele ya watu.

"Mwanangu, utaingia nikishalaza matairi," alimwambia. "Kama ni kununa, nuna, lakini utanuna ukiwa mzima."

Elieza akanuna, akangoja, akaingia. Nati ilipoachia, tela lilitikisika na jeki ikachomoka. Tela likashuka kwa kishindo, likatua juu ya matairi. Fundi Adija alipiga magoti akamwita kwa jina, na aliposikia ameitikia, akakaa pale pale kwenye vumbi, akalia huku akimtaja Abeli. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akilia kazini. Tela lilifika Kigwe kwa kuchelewa, na wazee walihudumiwa.

Elieza huyo ndiye mimi ninayeandika haya. Jioni ile nilikula ugali na mke wangu Hilda na watoto wetu pale Nkuhungu, nikashindwa kuwasimulia mpaka sahani zilipoondolewa.

Mama Adija, karakana nzima inakushukuru. Kapumzike vyema, Mungu akupe afya na umri mrefu, na wajukuu wakujazie nyumba. Nyumbani kwangu tunakuombea kila siku, kwa sababu wanangu bado wana baba.