Mlango Unaotazama Bungu

Ndugu waombolezaji, leo Ijumaa tarehe 18 Mei 1984, hapa Kwashemshi, tunamsindikiza Mama Yuditha Semboja, mke wa Mzee Jonathan Mdoe. Wengi wenu mlimfahamu kwa nyumba yake kuliko kwa jina. Ni ile ya mwisho kwenye mstari, iliyoipa barabara mgongo, na wageni wakiipita huuliza fundi alikuwa amelewa nini. Familia imeona si vizuri azikwe kabla hamjaelezwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1926 huko Bungu, milimani, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Semboja na Mama Grasiana. Baba yake alikuwa seremala. Mwaka 1932 alipata kazi kwenye shamba la mkonge, akashuka na mkewe hadi Kwashemshi, akajenga ng'ambo ya bonde, nje ya kambi ya wafanyakazi. Nyumba ile aliielekeza Bungu. Alitaka akifungua mlango asubuhi, macho yake yaanzie kule alikozikwa baba yake. Majirani walimshauri aigeuze kidogo kwa sababu ya upepo. Hakuigeuza, na upepo ukaezua paa mara kadhaa, naye akaliezeka tena.

Yuditha aliachwa Bungu kwa bibi yake ili asome. Alimaliza darasa la nne mwaka 1939, na mwalimu wake alikwenda mwenyewe kwa bibi kumwombea aendelee. Jibu lilipanda kutoka Kwashemshi kwamba mtoto wa kike amesoma vya kutosha. Jambo hilo lilimuuma na hakulificha. Hata alipokuwa mama mzima, baba yake akimsifu kwa lolote, alikuwa akimjibu, "Na hilo ni la darasa la nne tu, baba." Mzee alikuwa akicheka, kisha anatafuta jambo jingine la kuzungumza.

Tarehe 17 Juni 1950 alifunga ndoa kanisani Korogwe na Bwana Jonathan Mdoe, fundi cherehani, wakahamia Handeni. Mungu aliwajalia watoto watatu: Filomena, Isaya na Efrazia.

Kuanzia mwaka 1953 marehemu alikuwa mhudumu wa zahanati huko Handeni. Alichemsha vyombo, aliosha vidonda, alituliza watoto wa watu. Siku nchi ilipopata Uhuru alikuwa zamu. Wanawake wawili walijifungua siku hiyo, na wote wawili wakawaita watoto wao Uhuru. Ili wasichanganywe, marehemu aliwafunga mkononi nyuzi za rangi mbalimbali alizozitoa kwenye kikapu cha mumewe. Mmoja wao yupo hapa leo, na bado anadai uzi wake ulikuwa mzuri zaidi.

Mwaka 1970 Mzee Semboja alipoteza uwezo wa kuona, na Mama Grasiana nyonga zikamkatalia kutembea bila fimbo. Damiani, mdogo wa marehemu aliyekuwa Tanga, alikuja na gari la kuazima kuwachukua. Mzee alikubali kila alichoambiwa, akanywa chai, akaaga majirani. Gari lilipowashwa akasema hakuna aliyemwambia kuwa ni leo. Mama Grasiana naye alikuwa amejifungia jikoni. Damiani alirudi Tanga na gari tupu, akampelekea dada yake habari kwamba wazee wamemshinda.

Yuditha aliacha kazi, akaja. Wengine walimlaumu, wakasema mshahara wa serikali hauachwi hivyo. Alichowajibu ni kwamba wazee wale hawakuwa wakikataa kutunzwa, walikuwa wakikataa kung'olewa. Bwana Jonathan alibaki Handeni kwa muda, kisha naye akatokea juu ya lori la mahindi, amekumbatia cherehani, akisema amechoka kula kwa majirani.

Katika nyumba ile Mzee Semboja hakuwa kipofu. Aliifahamu kwa viganja, maana kila nguzo aliichonga mwenyewe. Alitoka kitandani hadi barazani peke yake, akakaa, akangoja jua la asubuhi limguse shavu la kulia. Likimgusa hapo, anajua milima ya Bungu iko mbele yake, na siku inaanza. Marehemu alijifunza kutohamisha hata kinu.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Watu wote wa ng'ambo ya bonde walitakiwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zijengwe kwa mistari, milango itazame barabarani. Majirani walihama, na bondeni wakabaki wazee wawili, binti yao na mume wake fundi. Mzee alitamka wazi kwamba hatalala katika nyumba asiyoijua. Marehemu aliona hatari yake. Kule nyuma hakukuwa tena na mtu wa kuitika ukiita, na ngiri walishaanza kulala mashambani. Wazee wakibaki, wangekufa huko. Wakihamishwa kwa nguvu, wangekufa huku.

Akaamua nyumba yenyewe ihame. Watu wa kijiji waliitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wakaibomoa taratibu na kuvusha nguzo, mlango, kitanda na mafiga matatu ya Mama Grasiana. Mzee aliwekwa kwenye kigoda, akawa anapapasa kila nguzo na kutaja mahali pake. Nyumba ikasimama vilevile, kipimo kwa kipimo. Walipolala humo, marehemu alimshukuru Mungu akadhani yamekwisha.

Asubuhi Mzee alitoka mwenyewe hadi barazani, akakaa. Jua likamgusa shavu la kushoto. Wajenzi walikuwa wamefuata mstari wa kijiji, mlango ukatazama barabara, na katika kuhangaikia nguzo marehemu hakuliona hilo. Yeye alikuwa kisimani. Aliporudi, baraza lilikuwa tupu.

Aliwakuta ng'ambo ya bonde, juu ya sakafu ya nyumba iliyobomolewa, kila mmoja mahali pake pa siku zote. Mama Grasiana ndiye aliyemwongoza mumewe, na nyonga zake zile. Marehemu alisimulia mara nyingi kwamba pale alikaa chini akalia, kwa hasira na kwa huruma kwa pamoja. Baba yake alimwuliza ni nani aliyeigeuza dunia.

"Nyumba ndiyo iliyokosea, baba," alimjibu. "Twende, tutaigeuza."

"Ikikosea tena?"

"Tutaigeuza tena."

Ndugu Mwinjuma, mwenyekiti wa kijiji wakati ule, hakupenda. Alisema wakaguzi wa wilaya watakuja, naye ataulizwa kwa nini nyumba moja imewapa kisogo. Marehemu alimwamkia kwa heshima zote, kisha akasema, "Ndugu Mwenyekiti, wakaguzi wakija watalala kwenu. Wazee wangu wanalala humu kila siku."

Mwenyekiti alikuwa na wazazi pia. Walikubaliana nyumba igeuzwe, ila ukuta wa nyuma utobolewe mlango wa pili unaotazama barabara, kwa ajili ya wakaguzi. Watu wakaibomoa upya, wengine wakinung'unika na Ndugu Mwinjuma mwenyewe akikanda udongo. Wakaguzi walikuja, wakaona mlango, wakaandika, wakaenda zao. Mzee na Mama hawakupita kwenye mlango ule hata mara moja. Mzee alifariki mwaka 1977 na Mama mwaka 1979, wote kitandani mwao, wamenawishwa na mikono ya binti yao.

Mwaka jana marehemu alianza kuugua moyo. Miguu ilimvimba, akitembea kidogo anahema. Filomena alikuja kumchukua aende kwake Korogwe mjini, karibu na matibabu. Mama yake alikubali kila kitu, akanywa chai. Hapo Filomena, aliyekwisha kusikia habari za mjomba wake, alicheka huku anatokwa machozi, akashusha mzigo wake, akabaki. Alimtunza hadi Jumatano tarehe 16 Mei, saa mbili asubuhi, alipofariki akiwa amekaa barazani, jua likiwa shavuni kwake upande wa kulia.

Leo asubuhi gari lilisimama barabarani, na vijana wakaanza kulitoa jeneza kwa mlango wa wakaguzi, kwa kuwa ndio ulio karibu. Mzee Jonathan alisimama katikati ya mlango, akawaambia, "Huo si wake." Wakarudi ndani, wakamtoa kwa mlango unaotazama Bungu, wakaizunguka nyumba nzima. Ndiyo maana tumechelewa, na familia inaomba radhi.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake Damiani. Ameacha pia mume, Mzee Jonathan Mdoe, ambaye jana alipoulizwa na Filomena atakwenda kuishi na nani, alijibu kwamba yeye hahami.

Mama yetu, upumzike kwa amani. Nyumba hatutaigeuza.