Bi Delfina Mussotto Anayaaga Mapipa ya Tre Cornacchie

Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martino, Bi Delfina Mussotto anastaafu baada ya kulitumikia shamba letu la mizabibu la Tre Cornacchie kwa miaka arobaini na mmoja. Siku hiyo aliichagua mwenyewe. Ofisi ilimshauri asubiri Desemba ili mwaka utimie vizuri. Akajibu kwamba hapa Langhe, kaskazini mwa Italia, watu huacha kazi na kuhama siku ya Mtakatifu Martino tangu enzi za babu zake, na haoni kwa nini yeye afungashe virago kwenye theluji.

Aliajiriwa akiwa msichana, na aliajiriwa kwa sababu ya wembamba wake. Mapipa yetu makubwa ya mwaloni, yale ambamo mvinyo wetu wa Barolo hulala kwa miaka, yana kimlango chini ambacho mtu hupenya kwenda kuyasugua ndani. Mzee mwenye shamba, baba yao Amedeo na Remigio wanaoliendesha leo, alimtazama mabega akasema, "Huyu anapita." Usaili ukaishia hapo.

Akiwa ndani ya pipa alikuwa akiimba. Kwa jinsi pipa linavyovuma, wanunuzi fulani kutoka Uswisi waliuliza kama tuna kanisa chini ya ardhi. Mambo yaliendelea hivyo mpaka msimu mmoja wa baridi ambao mama yake alizidisha kupika plin, vile vimfuko vya unga vilivyojazwa nyama. Siku moja kuingia aliingia, ila wakati wa kutoka mabega yalipita na kiuno kikagoma. Amedeo alimvuta mikono, Remigio akakimbilia mafuta ya zeituni jikoni, na kicheko chao watatu kilisikika hadi barabarani. Mwezi uliofuata alipandishwa cheo.

Alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akawa mkuu wa ghala la mapipa. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, hupita pipa kwa pipa na kikombe chake, akaonja, akatema, akanung'unika kidogo. Akinung'unika sana, pipa hilo halitoki. Mvinyo wetu uliofika Tokyo na New York ulipitia kwanza kwenye ulimi wake.

Lakini mwenye kuandika habari za Bi Delfina akaishia kwenye mapipa ameacha nusu ya kazi yake, tena ile nusu ambayo haikuwa kwenye mkataba.

Mzee alipofariki, shamba lilibaki kwa wanawe. Amedeo, mkubwa, alishika mizabibu. Remigio alishika ghala na mauzo. Mwaka uleule Amedeo alimwazimisha binamu yao mbwa wa Remigio, yule hodari wa kufukua uyoga wa thamani msituni, bila kuuliza. Mbwa akapapenda kwa binamu, akakataa kurudi. Kuanzia hapo ndugu hawa hawakusemeshana kwa miaka tisa, ingawa walikula meza moja kila mchana, Bi Delfina akiwa katikati yao.

Mimi, mfanyakazi mwenzake, nilikaa upande wa pili wa meza, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Delfina," Amedeo angesema, "mwambie huyo mwenye tai kwamba shamba haliendeshwi kwa simu."

Bi Delfina angemgeukia Remigio, aliyekuwa karibu kiasi cha kugusana viwiko. "Kaka yako anasema ukipata nafasi upite shambani. Angefurahi."

"Mwambie nimesikia, na aoge kabla ya kuja mezani."

"Bwana Amedeo, anasema ahsante."

Tulizoea. Wageni ndio waliodhani mmoja wao ni kiziwi.

Mwaka wa tisa jambo likawa zito. Ndugu hao, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamemwendea wakili mjini Alba ili shamba ligawanywe: Amedeo achukue mizabibu ya juu ya kilima, Remigio ya chini. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa maana yake. Zabibu za juu ndizo zinazoupa mvinyo wetu harufu, za chini ndizo zinazoupa mwili. Ukizitenganisha utapata mivinyo miwili isiyo na kosa, na hakuna hata mmoja utakaokuwa Tre Cornacchie.

Kilichobaki ni kila ndugu kumjulisha mwenzake kwamba amekubali. Ilikuwa Oktoba, katikati ya mavuno, supu ikiwa mezani.

"Delfina," alisema Amedeo, "mwambie nimekubali tugawane."

"Mwambie na mimi nimekubali," alisema Remigio.

Bi Delfina aliweka kijiko chini. "Ujumbe huu siupeleki."

"Umesemaje?"

"Nimesema siupeleki. Matusi yenu nimeyabeba miaka yote hii, nikayasafisha njiani. Hili la kuua mvinyo wa baba yenu ambianeni wenyewe. Midomo mnayo."

Remigio alibadilika rangi. "Delfina, kama kazi imekuchosha, mashamba Langhe ni mengi."

"Ni mengi kweli, Bwana Remigio."

Akachukua sahani yake, akavuka ukumbi, akaenda kuketi na wavunaji wetu wa Makedonia. Wakamsogezea kiti na pilipili zao za kuchoma. Baadaye aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akipiga hesabu. Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, mshahara ulikuwa mmoja, na umri wake haukuwa tena wa kuanza upya kwenye mapipa ya watu.

Siku zilizofuata shamba lilikuwa kama nyumba yenye maiti. Amedeo hakujua tangi lipi li tupu, Remigio hakujua zabibu zipi zinashuka lini. Bi Delfina alifanya kazi yake, akasalimia kila mtu, na hakubeba neno la mtu yeyote. Kisha asubuhi moja wingu jeusi likatokea upande wa milimani, na zabibu za chini zote zilikuwa bado mtini. Zikilowa wakati ule, zinaoza.

Tulikuwa mizabibuni sote tulipomwona Remigio akipanda kilima na viatu vyake vya ofisini. Alisimama hatua chache kutoka kwa kaka yake. Makasi yakanyamaza.

"Mvua inakuja," alisema.

Amedeo hakumtazama. "Naiona."

"Sasa unavuna au huvuni?"

"Ningekwisha vuna kama kungekuwa na makreti."

"Ungeomba."

"Kwa nani?"

Wote wawili wakamgeukia Bi Delfina. Alikuwa ameinama kwenye mzabibu, akikata vichala kama mtu asiye na masikio. Remigio akasubiri, akahema, akavua koti lake na kulitundika kwenye nguzo.

"Makreti yako nyuma ya ghala," akamwambia kaka yake. "Njoo na trekta, nitakupakilia."

Tulivuna hadi tone la kwanza, na kreti la mwisho lilipita mlangoni likiwa kavu.

Wakili alikuja wiki iliyofuata kama alivyoagizwa, na karatasi zake tayari kwa sahihi. Aliwakuta ndugu hao jikoni, uso kwa uso, wakigombana kuhusu mbwa kwa sauti ya kuangusha vigae. Miaka tisa ya maneno ilikuwa ikitoka kwa mkupuo. Alisubiri, akanywa glasi moja, akaongezewa ya pili, kisha akaondoka na karatasi zake. Hakuna aliyemwita tena. Amedeo na Remigio hawajaacha kugombana hadi leo, na shamba ni moja.

Mchana ule Bi Delfina alirudi kwenye kiti chake cha katikati. Remigio alimmiminia mvinyo mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Lile neno la mashamba mengi, lisahau." Bi Delfina akajibu kwamba amelisahau. Kisha akainamia supu yake, akaimaliza ikiwa bado moto, mara ya kwanza kwa miaka tisa, na akaongeza.

Mavuno ya mwaka ule yalipofikia umri wa kuwekwa kwenye chupa, ndugu walitaka kuandika jina lake kwenye lebo. Alikataa, akisema kijijini kwao watamcheka mpaka kaburini. Lakini muulize ni mvinyo upi ameuweka kabatini kwake, atakuonyesha huo.

Bi Delfina, kwa ndimi zetu ulizozifundisha, kwa nyimbo ulizotuachia chini ya ardhi, na kwa siku ile uliyokataa kubeba neno, tunakushukuru. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na asubuhi ambazo kahawa inatangulia. Na Julai, mvua ya mawe ikianza kupiga paa lako alfajiri, sisi tutakurupuka na kukimbilia mizabibuni. Wewe geukia upande wa pili, ulale.