Pedali ya Gari na Pedali ya Cherehani

"Mwalimu wa udereva aliniambia, 'Mama, pedali ni kama ya cherehani yako tu.' Nikaona kumbe rahisi," fundi nguo aliyekaa dirishani alimwambia jirani yake basini, mwalimu wa shule. "Sasa mimi cherehani huisimamisha kwa kushika gurudumu, mkono wa kulia. Ukuta uliponijia, mkono ukaenda wenyewe, ukazungusha kilichokuwepo mlangoni. Dirisha likafunguka."

"Lakini ndivyo inavyotakiwa kufundisha, dada. Mwanafunzi huanzia kwenye anachokijua."

"Nilianzia hapo hapo, mwalimu. Nikaingia ukutani napigwa na upepo mzuri."

Mwalimu akashikilia kuwa mbinu haina kosa. Mimi, niliyekaa nyuma yao, nilifeli udereva bila hata kujua kushona.

Dereva akafunga breki kituoni. Kabla basi halijasimama, mkono wa fundi ulishafika dirishani.