Mzee Simai Nahodha Kificho na Ukurasa Aliorukiwa

Tuliyemzika juzi Uroa, na tunayemsomea hitma leo hapa Mpendae, ni Mzee Simai Nahodha Kificho, aliyezaliwa Uroa tarehe 3 Juni 1957, mtoto wa pili wa Mzee Nahodha Kificho na Bi Kurwa Hija.

Alisoma chuo cha Kurani na skuli ya msingi hukohuko Uroa, akaja mjini, akaishia darasa la kumi. Hakulificha hilo hata siku moja. Katika ukoo huu wapo waliofika mbali zaidi, na wakaficha zaidi.

Mwaka 1978 aliajiriwa tarishi katika ofisi moja ya serikali Mji Mkongwe, akapeleka barua kwa miguu vichochoroni mpaka alipostaafu mwaka 2017. Barua yake ilifika mkononi mwa mwenyewe, au ilirudi. Mwaka 1993 alimkuta mkubwa mmoja yumo bafuni. Mke wa mkubwa akanyoosha mkono. "Jina lako halimo, Bi," akasema marehemu, akangoja. Daftari la kupokelea barua lilirudi ofisini na sahihi ya mkubwa iliyolowa povu la sabuni.

Alimuoa Bi Faiza Khelef tarehe 12 Oktoba 1984, wakajaaliwa Yusra na Mazin.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hospitali moja ya Dar es Salaam ilikuwa ikifanya utafiti wa dawa inayobebwa na chembe ndogo mno, hata unywele mbele yake ni mnazi. Marehemu alikuwa na mtoto wa jicho, hivyo fomu alisomewa na mpwa wake Khatib, ambaye ukoo mzima ulimjua kuwa mwanafunzi wa ufamasia.

"Chembe hizi, Mjomba, zinaibeba dawa mpaka kwenye uvimbe wenyewe," alisema Khatib. "Mishipa ya uvimbe inavuja, ndimo zinamopenya. Hazigawi njiani."

"Kumbe matarishi!"

"Tena wa serikali."

"Lakini hiyo mpya ntapewa kweli? Kama ni ile ya zamani, mie nnakwenda zangu Uroa na Faiza, nkale samaki wangu kwa raha."

"Utapewa, Mjomba. Wallahi."

Bi Faiza alishajifuta machozi. "Mtoto kasoma huyu!" akasema. Baada ya sifa ile Khatib aliona haya kurudi kwenye karatasi, akauruka ukurasa wa nne. Ukurasa huo ulisema kompyuta itawagawa wagonjwa, nusu wapewe dawa mpya, nusu ile ya kawaida. Haukuwa Kilatini. Ulikuwa Kiswahili, tena cha herufi kubwa.

Marehemu alikaa Dar miezi saba tangu Mei, Bi Faiza akivuka kila wiki mbili kumtazama. Wodini aliwasimulia wenzake habari za matarishi waliomo tumboni mwake. Oktoba, Daktari Hind alimfahamisha kwamba tangu mwanzo alikuwa katika kundi la dawa ya kawaida.

"Kwani hukusomewa, Mzee?"

"Nlisomewa vizuri sana, daktari. Nlisahau mwenyewe. Uzee huu."

Khatib alikuwa kando ya kitanda akimenya chungwa. Aliendelea kumenya.

Kwa hiyo iandikwe hapa, kwa kuwa marehemu hakuisema: hakusahau. Na Khatib aliacha chuo mwaka 2022. Mama yake, Bi Mwanapili, analisikia hili sasa hivi, pamoja na nyinyi nyote. Miezi ile saba ilikuwa ya Uroa.

Marehemu alirudishwa nyumbani Desemba, na akafariki Uroa asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, Bi Faiza akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi Faiza, watoto wawili, Yusra na Mazin, wajukuu wanne, dada yake, Bi Mwanapili, na mpwa mmoja, Khatib. Juzi makaburini tuliulizwa kama tumemsamehe marehemu, sote tukaitika tumemsamehe. Yeye hakuna aliyemuuliza kama ametusamehe, na Khatib ndiye aliyekuwa na miezi mizima ya kumuuliza.

Mola amlaze Mzee Simai pahala pema, apumzike kwa amani.