Mara Mia Mbili na Kumi na Mbili Katika Somo la Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa za utumishi, msimamizi wetu wa ukumbi wa chakula anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa tisa alasiri. Siku tisa hizo amesisitiza mwenyewe ziandikwe, kwa sababu alizifanyia kazi. Sote tunamwita Mama Ratiba, na wako wafanyakazi humu ambao hawajui kama ana jina jingine. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika nafasi yake, na kwa kuwa, kama alivyosema mpishi mkuu, ni mimi peke yangu ninayesoma ripoti za mafunzo hadi ukurasa wa mwisho.

Aliingia hapa akiwa mwosha vyombo. Mwaka wa pili akapelekwa ukumbini, na mwaka wa sita akakabidhiwa daftari la zamu. Enzi hizo ratiba iliandikwa kwa kalamu ya risasi, naye ufutio aliufunga kwa uzi akauning'iniza shingoni, asije akauazima mtu. Alijua nani hupeleka mtoto shule asubuhi, nani na nani hawaivi wakipangwa pamoja, na nani akikosa chai ya saa nne huanza kununia wageni. Yuko mhudumu mmoja aliyeomba ruhusa kwa maumivu ya jino, na jioni ile ile Mama Ratiba akamkuta uwanjani akichezesha mpira, filimbi mdomoni. Hakumgombeza. Alimwuliza tu filimbi anaibana kwa jino lipi.

Mfumo wa kompyuta ulipoletwa, miaka mitano iliyopita, tulijua patachimbika. Ulikuwa ndani ya vishikwambi: unapanga zamu, unakumbusha kupima ubaridi wa majokofu, unafundisha wageni wa kazi kwa masomo mafupi yenye mtihani. Tulidhani Mama Ratiba atakuja juu. Badala yake alileta madaftari yake yote, akakaa na fundi wa mfumo wiki mbili mfululizo akimweleza watu mmoja mmoja, na fundi akaondoka hapa amekonda. Mwezi wa tatu ratiba ilitoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika. Mpishi mkuu aliisoma mara mbili akitafuta la kulalamikia, akakosa.

Mwaka uliofuata mfumo ulihitaji sauti ya kusoma masomo. Alijaribiwa meneja, akasikika kama anayesoma hati ya mashtaka. Alijaribiwa mpishi mkuu, lakini kila somo liligeuka kuwa karipio. Mwisho akachaguliwa fundi wetu wa keki, ambaye tulimwita Mama Mdogo, kwa sababu alikuwa mdogo wake Mama Ratiba, baba mmoja mama mmoja, na ni dada yake aliyemleta kazini. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo na ya upole, na kila alipokutana na neno gumu alitoa kicheko kidogo kabla ya kulitamka. Alirekodi masomo ishirini ndani ya stoo ya unga, mlango umefungwa, magunia yamepangwa ukutani ili yameze kelele. Yeyote aliyeajiriwa tangu hapo amefundishwa naye kunawa mikono, kushika kisu na kubeba sufuria ya moto. Ukikosa swali hata moja kati ya kumi, ni yeye anayekuambia: "Si sahihi. Tafadhali rudia somo."

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa kawaida ungeruka. Mama Ratiba ameniagiza nisiruke, wala nisipake rangi.

Wiki sita baada ya kurekodi somo la mwisho, siku ya Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, Mama Mdogo aliacha meza yake ya keki akamfuata dada yake kwenye mlango wa ukumbi. Alimwambia kichwa kinamuuma vibaya. Ukumbi ulikuwa umefurika, na kulikuwa na kundi la watu arobaini waliofika kabla ya wakati wao. Mama Ratiba alimwambia akakae kidogo kwenye kigoda kule stoo, atakuja kumwona. Alikwenda kumwona saa tisa kasorobo. Alimkuta ameegemea magunia ya unga, na tayari alikuwa ametutoka. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwa, na kwamba pengine hata angewahishwa isingesaidia. Hiyo "pengine" Mama Ratiba hajaimeza mpaka leo. Alirudi kazini siku ya sita, macho makavu, nasi tukamsifu kwa moyo wake mgumu. Tulikosea.

Mwaka jana nilikabidhiwa ripoti za mafunzo. Niliona mstari mmoja mwekundu, nikacheka peke yangu ofisini. Mtu mwenye miaka thelathini kazini, aliyefundisha nusu ya jengo hili, alikuwa amefeli somo la nne mara mia moja na sitini. Nilidhani mfumo umeharibika, nikafungua majibu yake nimpigie fundi.

Somo la nne linaitwa "Mwenzako Akiumia au Kuugua Kazini." Katika kila mtihani alipata maswali tisa. Alilokosa lilikuwa la saba, lile lile kila mara: mwenzako akikuambia anaumwa, unafanya nini kwanza? Majibu ni manne; lililo sahihi ni la kwanza, "Naacha kazi nakaa naye," na yeye kila mara alichagua la nne: "Naendelea na kazi." Hakuna hata siku moja kidole chake kilipoteleza kikaangukia la kwanza. Na mitihani yote ilifanywa Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana. Kicheko kilinikauka mdomoni.

Saa hiyo ukumbi huwa hauna pa kupitisha mguu, na sikuelewa anapata wapi nafasi. Nilitazama ratiba. Kila Alhamisi mfumo ulikuwa umempa mapumziko ya robo saa. Nilimwuliza kama ameyaweka yeye, akasema alidhani nimeyaweka mimi. Nikampigia fundi, naye akatafuta, akasema hayakuwekwa na mtu, ni kwamba mfumo hujifunza mazoea ya watu. Nililiamini jibu hilo mpaka nilipofungua ratiba za zamani. Mapumziko yale yalianza Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, kabla hajawa na mazoea yoyote.

Kulikuwa na jambo jingine. Somo la nne lina dakika sita. Kwenye kishikwambi changu ni sita, kwa mpishi mkuu ni sita. Kwenye ripoti ya Mama Ratiba lilianza na sita, likafika saba, likafika tisa, na mwaka huu lilikuwa kumi na moja. Fundi alisema huenda mtandao unavuta.

Alhamisi moja niliingia stoo kuchukua vitambaa vya meza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, visikilizi masikioni, akitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo. Aliponiona alichomoa kisikilizi kimoja akaninyooshea. Nilikiweka sikioni. Sikusikia somo. Nilisikia mayai yanapigwa kwenye bakuli, polepole na kwa mwendo mmoja, na wakati huo meza ya keki haikuwa na mtu. Kisha mapigo yakakoma, na nikasikia kigoda kinaburutwa sakafuni. Nilimrudishia, nikasema vitambaa vinasubiriwa ukumbini. Tangu siku hiyo, nakiri mbele yenu, nimekuwa nikiwatuma wengine vitambaa.

Alitakiwa kustaafu miaka miwili iliyopita. Mfumo haufungi faili la mfanyakazi mwenye somo lisilokamilika, na bila kufungwa faili hakuna barua ya kustaafu. Kila fomu yake ilirudi na maneno yale yale, naye meneja akamwongezea muda, na sisi tukasema jamani huyu mama anaipenda kazi. Wakati huo magoti yake yalikuwa yamekwisha. Binti yake alishamwandalia chumba, akapaka rangi ukuta, akapiga simu kila wiki kuuliza unakuja lini.

Mwezi huu ndipo aliponieleza. Alisema hawezi kubofya la kwanza, kwa sababu sivyo alivyofanya, na anayeuliza ni mdogo wake mwenyewe. Meneja alipendekeza fundi amfaulishe kwa mkono, mambo yaishe. Alikataa. Alisema hawezi kutoka hapa kwa uongo, na kama ni kuzeekea kwenye kigoda kile, atazeeka. Hakusema kwa hasira. Nilirudi ofisini na huzuni ambayo sikujua niipeleke wapi.

Jana ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho kabla ya tarehe ya leo, ambayo ndiyo mwisho wa muda aliomwongezea meneja; ulikuwa mtihani wake wa mia mbili na kumi na mbili, na kanuni inataka shahidi wa kutia saini. Ukurasa huu ulikuwa umeshaandikwa kwa namna nyingine kabisa, wenye vichekesho vingi na fungu zima kuhusu kombe la usafi. Nimeuandika upya asubuhi ya leo.

Saa nane na dakika kumi tulikuwa stoo, yeye kwenye kigoda, mimi nimesimama karibu na mlango, karibu sana na mlango. Alichomoa visikilizi kwa mkono wake, somo likasikika chumba kizima. Zilipita zile dakika sita tunazozijua. Halafu mayai, halafu kigoda, halafu pumzi ya mtu anayekaa chini amechoka. Magunia ya nyuma yake yalikuwa yamebonyea, lakini magunia hubonyea. Ukaja mtihani. Alijibu maswali sita ya mwanzo bila kusoma. Kwenye la saba mimi moyoni nilimwomba abofye la kwanza, aende zake kwa binti yake, nani angemlaumu. Alibofya la nne.

Tulisubiri "si sahihi." Haikuja. Jikoni waliita supu mbili. Kisha sauti ya Mama Mdogo ikatoa kile kicheko chake kidogo cha kabla ya neno gumu.

"Dada," ikasema, "nilikuwa nasikia sahani huko ukumbini, nikajua umebanwa. Sikukuita. Basi, nenda nyumbani."

Maswali matatu yaliyobaki alijibu huku machozi yakimtiririka, ya kwanza tuliyowahi kuyaona. Mfumo ulimpa kumi kwa kumi. Nimeikagua ripoti mwenyewe: kwenye swali la saba jibu lake limeandikwa vile vile, la nne, na pembeni yake pana alama ya kufaulu. Fundi amekuja leo asubuhi na mapema akapekua rekodi zote. Maneno yale hayamo. Hayajawahi kuwamo. Somo la nne kwenye kishikwambi cha Mama Ratiba sasa lina dakika sita, na fundi ameomba kazi yake ijayo apangiwe tawi jingine.

Mama Ratiba alifuta kioo kwa pindo la aproni, akakiweka kishikwambi kwenye chaji, akanishika bega ili ainuke. Nilitia saini. Jina langu limetoka limepinda, naomba mnisamehe wenye kutunza mafaili.

Kwa niaba ya jiko, ukumbi, kaunta na ofisi: asante, Mama Ratiba. Asante kwa kila zamu uliyobadilisha ili mtu awahi harusi au mazishi, kwa kila mgeni wa kazi uliyemrudisha mlangoni aingie tena akiwa na tabasamu, na kwa kutuambia jambo ambalo wengi wetu tungelificha mpaka kaburini. Tulikuwa humu siku ile. Sisi pia tulimwona Mama Mdogo akipita kuelekea stoo, na hakuna aliyeacha alichokuwa anafanya. Hilo umelibeba miaka minne kama lako peke yako, nasi tukakuachia.

Tunakutakia magoti yenye nafuu, chumba chenye mwanga, na mchana mrefu usio na mtu wa kukuita. Binti yako yuko nje na gari tangu saa nane. Nenda nyumbani, mama.